Oili kwenye Pevingi ya Kanisa

Kamati ya ujenzi ya usharika wetu ilichangisha watu miaka mitatu ili uwanja wa kanisa uwekwe pevingi, yale matofali ya saruji, na pevingi ilipokamilika, jambo la kwanza walilofanya ni kumfukuza baba yangu. Hawakusema wanamfukuza. Walutheri wa Njombe hawamfukuzi mtu. Wanamwandikia barua yenye salamu katika jina la Bwana mwanzoni na mwishoni, na katikati wanamwomba kwa unyenyekevu mkubwa aegeshe gari lake nje ya geti, pale bodaboda wanaposubiri abiria, mpaka hapo tatizo la kuvuja oili litakapopatiwa ufumbuzi.

Kabla ya barua walikuwa wamejaribu maranda. Njombe maranda hayana mwenyewe. Kila penye mashine ya kupasua mbao pana kilima chake. Baba akishaegesha tu, mwenyekiti wa kamati alikuwa anakuja na karai la maranda, anapiga goti mbele ya waumini wote na kulisukuma chini ya injini, kama mtu anayemwekea mgonjwa beseni la kutapikia. Kisha anainuka, anajipangusa suti, anampa baba mkono na kumtakia Jumapili njema. Nilimwona akifanya hivyo mara mbili na mara zote mbili nilitamani kumvika lile karai kichwani.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Benchi la mbele upande wa kulia lilikuwa lake tangu mimi sijabatizwa. Alisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akasema hataegesha gari lake pamoja na pikipiki, wala hataenda kanisani kwa miguu, wala hatapanda gari la mtu. Ataingia uwanja ule siku gari lake litakapoingia. Mama alidhani ni hasira za wiki moja. Zikapita Jumapili saba. Kila Jumapili baba alioga, akavaa suti na tai, akaenda kukaa ndani ya gari uani kwetu, akafungulia ibada ya redioni, na nyimbo zikifika aliimba peke yake, vioo vikiwa vimefungwa; baadaye, gari lilipokuwa gereji, aliimba chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Mama alipanda bodaboda na kitenge chake cha kanisani, akishikilia kilemba kwa mkono mmoja na Biblia kwa mkono mwingine. Watu walimuuliza mzee anaendeleaje, naye aliwajibu ana mafua. Huwezi kuwa na mafua Jumapili saba mfululizo, hata Njombe. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya nyumba yetu: mzee wa miaka sabini na ushee amesusa kanisa kwa sababu ya sili za mpira zilizoshindwa kuzuia oili.

Gari lenyewe ni la Kijerumani, jeusi, refu, injini ya silinda nane, viti vya ngozi vilivyopasuka kwenye mishono. Zamani lilikuwa la mkubwa fulani Dar es Salaam, wakati ambao wakubwa walikuwa bado wanakubali kupanda gari la chini. Baba aliendesha lori la kukusanya majani ya chai Lupembe miaka thelathini, na kila alipobanwa pembeni kwenye tope apishe gari la aina ile, aliweka nadhiri. Alipostaafu akauza miti yake ya Kifanya, misonobari aliyoipanda mwenyewe mche kwa mche, akapanda basi kwenda Dar na kurudi akiendesha kitu chenye umri mkubwa kuliko kitindamimba wetu. Wenzake waliojenga vyumba vya kupangisha aliwahurumia kwa kukosa upeo. Aliniita nikalione, akanizungusha kama mtalii, akaniambia nisiguse rangi.

Mimi ni fundi magari. Nina gereji Lyamkena, pale Makambako, kwenye kiwanja chenye mabati upande mmoja na vumbi pande tatu. Madereva wa malori ya Songea na ya Mbeya wananijua, na wapo wanaokuja na injini zao kwangu baada ya kupita gereji kumi njiani. Baba peke yake ndiye aliyekuwa hajapata habari. Akiulizwa mwanawe wa kwanza anafanya kazi gani, jibu lake lilikuwa lile lile: "Yuko Makambako, anabadilisha oili." Nimelisikia harusini, nimelisikia msibani, na mara moja nimelisikia akimwambia mkwe wangu siku ya posa. Sikuwahi kumjibu. Nilikuwa nangoja siku ambayo kazi yangu ingemjibu.

Kwa hiyo gari lilipoanza kuvuja sana, baada ya Krismasi, hakunipigia mimi. Alilipeleka kwanza kwa mafundi wa Njombe mjini, na hapa naomba nisiwe na huruma. Fundi wa kwanza alipaka silikoni. Wa pili akapaka silikoni juu ya silikoni ya wa kwanza. Wa tatu alikuwa mtaalamu zaidi: aliikwangua silikoni kidogo pale mkono ulipofika, akamwonyesha baba kwa masikitiko jinsi wenzake walivyoharibu, kisha akapaka ya kwake, ya bluu. Mtu wa silikoni ana imani kumshinda mchungaji. Kwake yeye kila kinachovuja kinavuja kwa sababu hakijapakwa. Ukimletea bomba lililopasuka atapaka, ukimletea bolti iliyolegea atapaka, na ukisinzia kwenye kiti chake anaweza kukupaka na wewe. Injini ya baba ilipotoka kwa wale watatu ilikuwa na mapambo ya rangi tatu na ilivuja kutoka juu kwenye tapeti kava zote mbili, mbele, chini kwenye sampo, lile bakuli la oili, na nyuma kabisa kwenye sili ya krenki.

Na hao wana nafuu wakilinganishwa na waosha magari, wale wanaofungua boneti na kuipiga injini maji ya presha kama wanaosha zizi la ng'ombe. Injini haioshwi hivyo. Mimi nilipoiosha ile ya baba mwaka uliotangulia, kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu, niliosha kwa utaratibu. Nilifungua boksi la filta ya hewa, nikaziba kila mdomo wa bomba kwa gunzi la mahindi lililozungushiwa kitambaa, ndipo nikamwaga dizeli, nikasugua kwa brashi, nikasuuza. Ufundi huo ni wa madereva wa Lupembe. Walikuwa wanaziba hivyo wakivutwa kwa kamba kuvuka kijito kilichofurika, na wakifika ng'ambo wanachomoa magunzi, safari inaendelea. Baba alinifundisha nikiwa darasa la nne. Siku hiyo ya kipaimara alisimama pembeni na kikombe cha chai, akanitazama nikiziba bomba moja baada ya jingine, na hakunikosoa. Kwa baba, kutokukosoa ni sifa kubwa. Niliondoka Njombe nimefurahi kuliko binti mwenye kipaimara.

Turudi kwa mafundi, maana alikuwapo wa nne. Huyo ni mzee wa kutoka Ludewa, kule mwambao wa ziwa, ambaye kabla ya kuhamia Njombe alikuwa anatengeneza injini za maboti. Anasali kanisa moja na sisi, hukaa nyuma. Yeye hakupaka kitu. Aliomba gari liwashwe, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaweka kiganja juu ya tundu, akatulia.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba, "injini hii haipumui. Niachie mpaka kesho niangalie njia zake za hewa."

Baba akamjibu kwamba ameleta gari linalovuja, hajaleta mgonjwa wa pumu. Akafunga boneti, akaondoka. Jioni ile akanipigia simu kunisimulia. Mimi na baba si watu wa kucheka pamoja, lakini siku hiyo tulicheka mpaka nikamsikia mama kwa nyuma akiuliza kuna nini. "Fundi wa mitumbwi," baba alisema, na mimi nikaongeza kwamba asipoangaliwa ataitundikia injini dripu. Ndipo baba akasema, kama mtu anayeniazima kitu kwa shingo upande, kwamba basi nitalitazama na mimi.

Alilileta Makambako mwenyewe, akisimama njiani mara mbili kujaza oili kutoka kwenye dumu. Nilimpokea mbele ya mafundi wenzangu wote wa eneo lile, maana nilihakikisha wote wapo. Nikawasha injini, nikafungua kifuniko cha oili. Kiliruka mkononi mwangu na hewa ikatoka kwa nguvu, pamoja na matone yaliyonirukia shati. Kama ningekuwa na adabu ningemkumbuka mzee wa Ludewa na kiganja chake. Lakini baba alikuwa amesimama pale na kofia yake, wenzangu wanasikiliza, na mimi nilikuwa na jibu kubwa tayari.

"Ringi za pistoni zimekwisha, baba," nikasema. "Moto unapita pembeni ya pistoni, unajaa chini ya injini, ndiyo maana sili zote zinasukumwa nje. Hii si kazi ya silikoni. Hii injini inashushwa, inafunguliwa yote, inafungwa upya."

"Wewe utaweza?" baba akauliza.

"Nitaweza."

Akanitazama usoni, kisha mikononi. "Nataka niingie kanisani," akasema. Akapanda basi la kurudi Njombe.

Nilifanya kazi ile wiki tano, na sitasema uongo, niliifanya vizuri. Nilishusha injini kwa cheni niliyoifunga kwenye milingoti mitatu. Nilikwangua silikoni ya rangi tatu mpaka vidole vikachubuka, huku nikiwatukana waliopaka, kila mmoja kwa rangi yake. Nilipanga bolti kwenye maboksi ya mayai na kuandika kila shimo zilikotoka. Mabomba yote ya mpira niliyafuta kwa nje kwa petroli na kuyatundika kwenye misumari ukutani, yanang'aa. Spea zilikuja kwa basi kutoka Dar: gasketi, sili, ringi, beringi. Wenzangu walipita kuangalia na kutikisa vichwa, na mimi niliwaeleza, bila kuulizwa, tofauti ya fundi na mpaka rangi.

Nilipochomoa pistoni ya kwanza niliona kitu ambacho fundi yeyote mwenye macho angekiona. Ringi zilikuwa nzima. Ukuta wa silinda ulikuwa bado na michirizi ya kiwandani, ile ambayo injini iliyochoka huipoteza mapema. Nilichomoa ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Zote zilikuwa nzima. Nilikaa juu ya tairi nikazitazama. Nilikuwa nimeshamwambia baba ringi zimekwisha, mbele ya watu. Nikazitia ringi zake nzima kwenye mfuko wa taka, nikafunga mpya, na baba aliponipigia kuuliza hali nikamwambia amebahatika sana kuniwahi. Fundi wa silikoni angalau anaamini silikoni yake.

Gari lilirudi Njombe siku ya Ijumaa, mwezi wa saba, baridi ile ya kuwasha jiko sebuleni. Nililiendesha mwenyewe na halikunipa tatizo, linapanda milima kama halijui mlima ni nini. Baba alinipokea getini. Alikuwa ameshakunjua boksi la kabati jipya na kulitandika pale gari linapolala. Tukaliegesha juu yake. Mama akaleta chai na viazi vitamu, na baba akaanza kupanga Jumapili: atafika saa ngapi, ataingilia upande gani, ataegesha wapi ili mwenyekiti wa kamati aone vizuri. Alimwambia mama awaambie watu mafua yamepona.

Jumamosi asubuhi nilipotoka nje baba alikuwa ameshachuchumaa mbele ya gari. Boksi lilikuwa na madoa saba. Mawili yalikuwa makubwa kama sahani.

Baba alinyanyuka kwa kushika bampa. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alifuta vidole kwenye jani la mgomba.

"Umebadilisha oili," akasema, akaingia ndani.

Sikumbuki kama nimewahi kuona aibu ya namna ile. Nilitaka kuondoka na basi la kwanza. Nilitaka pia kulichoma gari moto, na kwa kweli nilitazama lilipo jiko. Mama alipita na ndoo, akaona boksi, akasema taratibu, "Mwanangu, kesho itakuwa Jumapili ya nane," kana kwamba mimi sijui kuhesabu. Hapo ndipo nikaacha kujionea huruma na kufungua boneti.

Niliwasha injini. Nikafungua kifuniko cha oili, na kikaruka tena, kwa nguvu ile ile. Ringi mpya, silinda nzima, na hewa inatoka kama mwanzo. Nikafanya kile ambacho ningepaswa kufanya kabla ya kufungua hata bolti moja. Niliweka kiganja changu juu ya tundu, nikatulia, na nikasikia injini ikinisukuma. Haikuwa na mahali pengine pa kutolea pumzi.

Injini ile ina bomba moja nene la mpira linalotoka kwenye tapeti kava na kuingia kwenye boksi la filta ya hewa. Hilo ndilo pua yake. Nilikuwa nimelitundika ukutani wiki tano, nimelifuta kwa petroli, nimelirudisha kwa mikono yangu. Nikalichomoa, nikalipuliza kwa mdomo. Hewa haikupita. Nikaingiza spoki ya baiskeli, ikagota kwenye kona. Nilichukua kisu nikalipasua.

Ndani mlikuwa na gunzi. Nusu ya gunzi, jeusi kwa oili, limevimba na kukaza, na limezungushiwa kitambaa. Nilikifungua kitambaa kwa ncha ya kisu. Chini ya weusi kilikuwa cha bluu, na kilikuwa na mshono wa mfuko wa ovaroli yangu ya zamani, ile niliyoichana siku ya kipaimara kupata vitambaa vya kuzibia.

Nikakumbuka vizuri kabisa. Siku ile wakati wa kuchomoa, gunzi moja lilitoka fupi. Nililitazama nikadhani ndivyo lilivyokuwa, nikalitupa kwa kuku, maana baba alikuwa bado amesimama pale na chai yake na nilikuwa naona raha kutazamwa. Miezi yote ile, maranda, barua, redio ndani ya gari, mama na mafua ya uongo, mafundi watatu na rangi zao, seti nane nzima za ringi za bure, vyote vilitoka kwenye mfuko wa ovaroli yangu. Waliopaka silikoni walikuwa wanahangaika na ugonjwa niliouleta mimi. Na mtu mmoja alikuwa ameugundua kwa kiganja, tukamcheka kwenye simu.

"Umeona nini?" Baba alikuwa amesimama mlangoni.

Gunzi lilikuwa mkononi. Ningeweza kulinyoosha tu.

"Uchafu, baba," nikasema. "Uchafu ulikuwa umeziba bomba."

Nikalitia mfukoni. Nilikwenda mjini kutafuta bomba jingine, nikalifunga, nikafuta injini yote, nikabadilisha sili ya mbele iliyokuwa imeanza kutoka, nikamwomba baba boksi jingine. Mchana kutwa gari liliunguruma pale uani na hapakuanguka tone. Baba alichuchumaa mara nne. Mara ya nne alibaki chini muda mrefu, na alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia moshi.

Jumapili tuliingia uwanja wa kanisa sote watatu, mama nyuma kama mke wa waziri. Baba alipita geti taratibu kuliko maandamano ya kwaya na kuegesha katikati kabisa ya pevingi. Mwenyekiti wa kamati akaja na karai lake. Baba akamwinulia mkono.

"Leo liweke pembeni," akamwambia. "Tukitoka tutaangalia pamoja."

Ibada ilikuwa ndefu. Baba alikaa benchi lake la mbele na kuimba kwa sauti iliyowashinda wenye vipaza sauti. Sikumsikiliza mchungaji. Nilikuwa nimevaa koti lile lile la jana, na gunzi lilikuwa mfukoni, limefungwa kwenye gazeti, na harufu ya oili ilikuwa inapanda. Mama aligeuka akaninusa, akageukia mbele.

Baada ya ibada watu walibaki nje kwa mnada wa sadaka, kabichi, mayai, viazi, kuku aliyefungwa miguu. Kabla mnada haujaanza baba akaomba nafasi. Aliwaita watu kwenye gari. Mwenyekiti wa kamati akapiga goti, safari hii bila karai, akatazama chini, akapitisha kiganja juu ya matofali, akakionyesha juu. Kilikuwa kikavu. Watu wakapiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele, kwa ajili ya gari.

Hapo baba akanishika bega. Hajawahi kunishika bega. Akasema, kwa sauti ya lori la Lupembe, kwamba alizunguka Njombe nzima na watu wakampaka rangi. Akasema wengine wakamwambia injini ina pumu. Watu wakacheka, na baadhi wakageuka nyuma, maana Njombe ni ndogo na ilijulikana nani alisema. "Huyu hapa," baba akasema, "ni mwanangu. Huyu ni fundi."

Miaka ishirini nililingoja neno hilo. Nililipata na nusu gunzi mfukoni, na wakati linatamkwa nilikuwa namtazama yule mzee wa Ludewa, aliyesimama karibu na kuku, kofia mkononi, akipiga makofi kama wengine. Ningeweza kusema pale pale. Nilifungua mdomo, nikaona uso wa baba, nikashukuru watu, nikarudi nyuma.

Wakati mnada unaendelea yule mzee alinifuata. Alinisalimia kwa Kibena, ingawa si lugha yake, kwa heshima tu: "Kamwene." Nikaitikia. Akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ilikuwa inapumua?"

"Haikuwa inapumua, mzee."

"Nani aliiziba?"

Nikatoa gazeti mfukoni, nikalifunua. Alilitazama gunzi, akaligeuza, akakitazama kitambaa.

"Mimi," nikasema. "Naomba unisamehe. Tulikucheka."

"Nilisikia." Akalifunga gunzi vizuri na kunirudishia. "Mwambie baba yako mwenyewe. Nikimwambia mimi atanicheka tena."

Akaenda kununua kabichi.

Sijamwambia. Nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu nimeanzia mbali nikaishia kwenye hali ya hewa. Nawasema wapaka silikoni kama zamani, lakini yule mzee nikiwa Njombe naenda kumsalimia gerejini kwake, na ananipa kigoda bila kuniuliza kitu, na namwona anajua kwamba bado. Baba yuko kwenye benchi lake kila Jumapili. Pevingi ni kavu. Mwenyekiti wa kamati amemwomba lifti ya kwenda mazishini na amekubaliwa.

Na kabla ya kila sikukuu, baba ananipigia simu nitoke Makambako niende kumwoshea injini. Hataki waosha magari, hataki fundi wa Njombe. Anawaambia watu, na nimemsikia akimwambia mkwe wangu, kwamba kuziba mabomba ni kazi yenye ufundi wake na yuko mtu mmoja tu anayeiweza. Ananichagulia magunzi mwenyewe kutoka jikoni kwa mama, makavu, yaliyonyooka, na kuniletea kwenye ungo. Kisha anasimama pembeni na chai yake. Nayahesabu yakiingia, na yakitoka nayapanga juu ya ukuta mbele ya macho yake, nayapima urefu moja moja kwa rula, na baba anatabasamu na kusema huyu mtoto ana umakini.